Mizizi Nayo Inapumua: Maswali Yenu ya Bustani ya Roshani

Tangu nilipoandika hapa kwamba nina ndoo 11 za mboga kwenye roshani yangu Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya 4, na kwamba nazitia maji mara mbili au tatu tu kwa wiki, barua hazijakatika. Wengi mnataka kujua ndoo zinajinywesha vipi. Wengine mmeshazitengeneza na zimewaletea matatizo. Nimechagua barua sita, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo mama wa nyingine zote.

Shikamoo mama. Naishi ghorofani Magomeni Kota, roshani yangu ni hatua nne kwa mbili. Nimepanda mchicha kwenye madumu mara mbili, na mara zote mbili umekufa. Asubuhi natoka saa 11, narudi saa 2 usiku. Nazitaka hizo ndoo zako lakini vyombo vya dukani siviwezi. Nianzie wapi?

Marahaba mwanangu. Kabla hatujashika ndoo nataka ukumbuke mchicha wako ulikufaje. Majani yalikauka yakawa kama karatasi, au yalianza kuwa ya manjano, shina likalainika chini, na udongo ukanuka tope? Kama ni hilo la pili, mchicha wako haukufa kwa kiu. Ulizama. Mtu anayerudi usiku amechoka huuonea mmea huruma, akaumwagia maji ya siku mbili kwa mkupuo mmoja, na dumu halina tundu chini. Mizizi inapumua kama sisi. Ikikaa majini siku kadhaa inaoza, na mzizi uliooza hauwezi tena kunywa, kwa hiyo mmea unanyauka huku umesimama ndani ya maji. Mwenyewe anauona umenyauka, anaongeza maji. Katika miaka yangu ya kufanya kazi hii nimeona mimea mingi zaidi ikifa hivyo kuliko ile iliyokufa kwa kusahauliwa.

Sasa ndoo. Unakikumbuka kibatari? Mafuta ya taa yako chini, moto uko juu, na hakuna anayeyasukuma yapande. Utambi unayavuta. Udongo mwepesi nao ni utambi: ukigusa maji kwa chini, unayavuta juu kidogo kidogo kadiri mmea unavyokunywa na jua linavyokausha. Ndiyo siri yote. Maji yanakaa chini kwenye akiba yake, udongo unakaa juu, na vinakutana sehemu moja ndogo tu.

Tafuta ndoo mbili za lita 20 zinazolingana, zile za mafuta ya kula ambazo mama lishe na wauza chipsi huzibakiza. Igeuze uangalie kitako: ukikuta alama ya pembetatu yenye namba 2 au 5 ndani, hiyo ni aina ya plastiki inayotumika kwa vyombo vya chakula. Ndoo ya rangi, ya dawa ya shamba au ya kemikali yoyote iache, hata ukipewa bure, hata ukiisugua wiki nzima.

Ndoo moja itaingia ndani ya nyingine. Ya chini ndiyo akiba ya maji, ya juu ndiyo ya udongo. Kati ya vitako viwili iwepo nafasi ya sentimita 8 hadi 10. Ndoo zikizama mno, weka vipande vitatu vya bomba la plastiki, vilivyokatwa urefu sawa, visimame kama mafiga na ndoo ya juu ikalie hapo. Katikati ya kitako cha ndoo ya juu kata tundu la duara, upitishe kikombe cha mtindi cha nusu lita kining'inie kwa ukingo wake hadi kikaribie kugusa sakafu ya ndoo ya chini. Kikombe hicho kitoboe matundu mengi pembeni kwa msumari uliopashwa moto. Kitakachojaa humo ni udongo, na huo ndio utambi wako. Sehemu iliyobaki ya kitako itoboe matundu madogo kama 20 ili hewa ipande.

Kisha bomba la kutilia maji. La nchi 1 linatosha, na fundi bomba yeyote ana vipande vilivyobaki. Lipite ukingoni mwa ndoo ya juu, lipenye kitako chake hadi chini, na mwisho wake wa chini ukatwe mshazari, maana ukikatwa sawa utakaa bapa sakafuni na maji hayatapita.

La mwisho ni tundu la kufurikia, na hapa naomba unisikilize vizuri. Ni tundu dogo, upana wa penseli, ubavuni mwa ndoo ya chini, sentimita moja chini ya mahali kitako cha ndoo ya juu kinapofikia. Maji yakifika hapo yanatoka. Kwa hiyo baina ya maji na udongo daima kuna ukanda mwembamba wa hewa, na mizizi inapumulia hapo. Ndoo yangu ya kwanza sikuitoboa. Niliona nitapoteza maji bure, na maji kwetu yalikuwa ya mgao. Ikaja mvua ya masika, ikanyesha usiku kucha, ndoo ikajaa kutoka chini hadi juu, na mnyanya uliokuwa na matunda manne ya kijani ulikufa ndani ya wiki.

Ya pili niliitoboa, lakini tundu nikalielekeza nje, kwenye nondo za roshani. Maji yenye rangi ya samadi yakashukia kanzu za Ijumaa alizokuwa ameanika jirani wa ghorofa ya 3. Alipanda ngazi akiwa amezishika mkononi, hakusema neno. Nilizifua mwenyewe mara tatu na kuzipiga pasi, nikamrudishia pamoja na fungu la mchicha. Tangu siku hiyo matundu yangu yote yanaangalia ndani, na chini ya kila moja kuna kopo. Kopo likipata maji, najua nimejaza vya kutosha.

Udongo. Usichote ule mwekundu wa uwanjani. Ndani ya ndoo unashikamana kama tofali, na udongo wa mfinyanzi ukilowa hauachi nafasi ya hewa hata kidogo. Mimi nachanganya makopo mawili ya vumbi la makumbi, kopo moja la mboji au samadi iliyooza kabisa, na nusu kopo ya pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi bila kuwa majivu. Makumbi nayajua tangu utotoni. Nimezaliwa Paje, Unguja, na mama yangu alikuwa akiyafukia pwani, kwenye mchanga ambao maji huyajia na kuyaacha, yakae miezi mingi mpaka yalainike ndipo ayatwange apate usumba wa kusokotea kamba. Lile vumbi la kahawia lililobaki baada ya kutwanga tulikuwa tunalitupa. Leo ndilo ninalolitafuta kila mahali, kwa sababu linashika maji mengi na bado linabakiza hewa. Lakini vumbi la makumbi yaliyolala baharini lina chumvi. Liloweke kwenye maji baridi, likamue, badilisha maji, rudia mara tatu au nne mpaka maji ya mwisho yasiwe na ladha ya chumvi kwenye ncha ya ulimi. Hata lile linalouzwa limefungwa kama tofali nalifanyia hivyo hivyo.

Ukishajaza, maji ya kwanza kabisa yamwagie juu, taratibu, mpaka yatoke kwenye tundu la kufurikia. Utambi mkavu hauvuti. Baada ya hapo tia kwa bomba tu. Ndoo hiyo itabeba akiba ya lita 4 au 5. Kwa mchicha mdogo ni siku nne hivi kipindi cha kipupwe, pungufu zaidi Januari na Februari wakati joto limepamba. Anza na ndoo mbili, moja ya mchicha na moja ya matembele, uzizoee. Na ziweke ukutani, usizipange kwenye ukingo wala juu ya nondo. Ndoo moja ikiloa inakaribia kilo 20, kwa hiyo kumi ni kama watu watatu waliosimama hapo mchana na usiku bila kuondoka.

Habari mama. Mume wangu amekataa katakata. Anasema maji yanayokaa kwenye ndoo ni kufuga mbu, na sisi Sinza homa ya dengi tunaijua. Nimjibu nini?

Mwambie ana haki. Sitakupa maneno ya kumshinda, nitakupa kazi ya kufanya. Dar es Salaam tulipata mlipuko wa dengi mwaka 2014, ukarudi 2019, na mbu anayeieneza, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, hahitaji bwawa. Anapenda vyombo vidogo vyenye maji yaliyotulia: tairi, kifuu, sahani ya chini ya chungu cha maua. Ndoo yetu ni chombo cha namna hiyo hiyo, isipokuwa tukiifunga.

Milango ni mitatu. Bomba la kutilia maji: lifunike kwa kipande cha chandarua na mpira, au tafuta kifuniko chake. Tundu la kufurikia: gundisha chandarua kwa ndani, kabla hujaziunganisha ndoo. Wa tatu ndio unaosahaulika sana, ule upenyo kati ya ndoo na ndoo pale juu ukingoni. Ukiona mwanga unapita, mbu anapita. Uzungushie utepe mpana wa plastiki au utepe wa kitambaa uliokazwa. Yale makopo ya chini ya matundu yamwage kila siku, usiyaache hata usiku mmoja. Yai la mbu huyo huwa mbu kamili kwa wiki moja hadi siku kumi hivi, na mayai yenyewe hubandikwa ukutani mwa chombo, yanaweza kukaa makavu kwa miezi na bado yakaanguliwa maji yakirudi. Kwa hiyo kila unapobadilisha mazao sugua ndoo ya chini kwa brashi, kuta zote. Kuisuuza peke yake hakutoshi.

Ukimwonyesha mumeo milango mitatu iliyofungwa na bado akakataa, panda kwenye vyungu vya kawaida vyenye tundu chini, bila sahani. Mboga zitakua pia, ila utamwagilia kila siku.

Assalaam alaykum bibi. Niko Tudor, Mombasa. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Ndoo zangu zilianza vizuri, mwezi wa pili juu ya udongo kukatokea unga mweupe na majani yakaungua kwenye ncha. Sukuma wiki yote imedumaa.

Waalaykum salaam mjukuu wangu. Unga huo ni chumvi ya kisima chako. Katika chungu cha kawaida unamwagia juu, maji yanashuka na kutoka na chumvi yake. Katika ndoo zetu maji yanapanda tu. Yakifika juu yanakauka, chumvi inabaki, na kila siku inaongezeka. Hii ndiyo kasoro kubwa ya ndoo hizi, na watu wa pwani lazima tuijue kabla ya kuanza.

Ukwangue huo unga wote na udongo wa juu unene wa kidole, uutupe. Kisha mwagia maji matamu kwa juu, mengi, yapite yatoke kwenye tundu la kufurikia, ndoo mbili za maji kwa ndoo moja ya udongo ukiweza. Halafu inamisha ndoo umwage akiba yote ya chini, maana chumvi uliyoiosha imeshukia humo. Fanya hivyo kila wiki nne. Funika udongo kwa matandazo, majani makavu au makumbi yaliyochanwachanwa, ili maji yasikauke haraka juu.

Utauliza maji matamu utayatoa wapi. Masika na vuli kinga mvua, na chombo cha kukingia kifunike. Siku nyingine angalia kiyoyozi, chako au cha jirani. Yale maji yanayodondoka kwenye bomba lake nje ni unyevu wa hewa uliogeuka maji, hayana chumvi, na hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi. Mimi nina dumu chini ya kiyoyozi cha ofisi iliyo ghorofa ya chini yetu, waliniruhusu, na mchana mmoja wa Februari linajaa lita kadhaa. Si ya kunywa binadamu, lakini mchicha unayapenda. Maji ya kufulia usiyatie kabisa, sabuni nayo ina chumvi zake. Ya kuoshea mchele yamwagie juu ya udongo wakati wa kuosha chumvi, usiyatie kwenye akiba, yatachacha na kunuka.

Halafu badilisha unachopanda. Spinachi, ile ya majani mapana na mabua meupe, inavumilia chumvi kuliko sukuma wiki. Maharage na karoti usijaribu.

Mama, niko Pipeline, Embakasi. Nyumba zimebanana, jua linanifikia saa mbili kwa siku. Nimeshanunua ndoo sita. Nipande nini?

Pole kwa ndoo, mwanangu, lakini usiziunganishe. Mmea usio na jua hunywa kidogo, na Nairobi ya Julai ni baridi. Akiba ya chini itakaa imejaa, udongo utalowa wiki nzima, na tunarudi kwenye kuzama kule kule. Kwako ndoo moja moja yenye matundu kitakoni inakufaa zaidi, umwagilie unapochomeka kidole na kukuta pakavu hadi kiungo cha pili.

Panda vya majani: dania, mnanaa, spinachi uichume ikiwa changa. Nyanya na pilipili hoho zinataka saa sita za jua, na saa mbili hazitawahi kuwa sita kwa mbolea. Tena usiamue kwa kuangalia mwezi mmoja tu. Kwenu karibu na ikweta jua la mchana huelemea kaskazini kuanzia Machi hadi Septemba, kisha likahamia kusini. Roshani iliyo gizani Juni yaweza kupata jua zuri Desemba. Weka alama ukutani kila mwezi kwa mwaka mzima. Mimi nilifanya hivyo kwa chaki, na ndivyo nilivyojua bamia zangu nizipande lini.

Nyanya zangu zinaanza vizuri, zikikaribia kuiva zinakuwa na doa jeusi kitakoni, limebonyea kama ngozi. Nimepiga dawa mara tatu. Wikiendi huwa sipo nyumbani. Tabata.

Acha dawa. Huyo si mdudu wala ukungu, ni kuoza kitako. Tunda linakosa kalisi, yaani madini ya kalsiamu, na kalisi husafiri ndani ya mmea pamoja na maji. Mnyanya mkubwa wenye matunda unaweza kunywa lita 2 au zaidi siku ya joto, kwa hiyo akiba uliyoijaza Ijumaa asubuhi imekwisha Jumapili. Udongo unakauka, unarudi unajaza, unakauka tena, na kila mkauko matunda yaliyo machanga yanaumia. Maganda ya mayai yana kalisi, lakini huchukua miezi kuoza, hayatakuokoa msimu huu. Mnyanya mmoja kwa ndoo, usiweke miwili. Yachume matunda yaliyoharibika, funika udongo, na punguza mbolea ya kukuzia, kwani majani mengi yanakunywa maji ya matunda. Na wikiendi tafuta mtu.

Shikamoo mama, tunakwenda Moshi Desemba, wiki mbili. Si ndizo ndoo zinazojinywesha? Nikizijaza zitanisubiri?

Marahaba. Hazitakusubiri. Lita 5 kwa Desemba ya Dar ni siku mbili au tatu kwa mnyanya, tatu au nne kwa mboga ndogo. Kabla hujaondoka chuma mchicha na matembele yakate chini kabisa, yabaki visiki vya vidole viwili. Mmea usio na majani hunywa kidogo sana, na ukirudi utakuta machipukizi. Ndoo zisogeze pamoja kwenye kona yenye kivuli. Nyanya zinazozaa hazina dawa hiyo, hizo zinahitaji binadamu mwenye ufunguo wako na kopo la lita 2.

Mimi wa kwangu ni yule jirani wa ghorofa ya 3. Mwezi uliopita nilikwenda Paje siku tisa. Niliporudi nilikuta ndoo zote 11 zimejaa, makopo yamemwagwa, na kwenye beseni jikoni nyanya 14 alizozichuma zisije zikapasuka. Yeye mwenyewe alikuwa hajachukua hata moja, kwa hiyo nilimpelekea nusu jioni ile ile, pamoja na mche mdogo wa mrehani kwenye ndoo yake ya kwanza. Tundu la kufurikia alilitoboa mwenyewe, akalielekeza ndani.